Mpira Uko Upande wa Nani? Misemo ya Michezo katika Kiswahili na Msikilizaji wa Kasongo

1. Utangulizi

Kiswahili cha magazeti, cha redio na cha majukwaa ya siasa kimejaa michezo. Mwananchi anayezungushwa maofisini hupigwa danadana. Kiongozi anayekwepa swali hupiga chenga. Mtumishi asiyepangiwa kazi husugua benchi. Na mjadala unaokaribia kwisha huingia katika dakika za lala salama. Misemo hii haikuja yote kwa njia moja. Mingine imezaliwa viwanjani, miongoni mwa watu waliocheza na waliotazama. Mingine imetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza na watu waliokuwa wakiharakisha habari au hotuba. Mingine tena ni mikongwe kuliko mpira wa miguu wenyewe, kwani imetokana na bao, karata na mieleka.

Kwa kawaida wahakiki wa lugha huichukua misemo hiyo yote kuwa fungu moja. Wako wanaoisifu kwa uhai wake, na wako wanaoilaumu kwa kuwa ni lugha ya mitaani isiyostahili kuandikwa na msomi. Makala haya yanadai kwamba hukumu zote mbili hazitoshi. Jambo la msingi si kwamba msemo umetoka uwanjani. Ni kwamba umetoka katika mchezo fulani, nao mchezo huo una kanuni zake. Asiyezijua kanuni hizo huyasikia maneno na asiipate maana, au mbaya zaidi, huipata maana iliyo kinyume.

Suala hili linatazamwa hapa kutoka Kasongo, kusini mwa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uteuzi huo si wa kubahatisha. Kasongo ni miongoni mwa miji mikongwe ya Kiswahili iliyo mbali na bahari. Lugha ilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliufanya mji huo kuwa moja ya ngome zake, naye ameacha tawasifu ya Kiswahili ambayo hadi leo husomwa na wanahistoria na wanaisimu pia. Mwezi wa Aprili 1893 mji ulitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyoongozwa na Francis Dhanis. Utawala ukabadilika, lugha ikabaki. Kutokana na waungwana wa misafara ile, Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana.

Baada ya hapo historia ya Kasongo ilitengana na ile ya Dar es Salaam na Nairobi. Lugha ya shule, ya mahakama na ya barua za serikali ikawa Kifaransa, ilhali Kiswahili kikabaki lugha ya soko, ya nyumba na ya ibada, na baadaye kikatambuliwa kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Kwa hiyo msikilizaji wa Kasongo ni mrithi wa Kiswahili bila ya kuwa mrithi wa Kiingereza. Hapo ndipo ulipo umuhimu wake kwa uhakiki huu. Msomaji wa Dar es Salaam akikutana na msemo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, huziba pengo kwa Kiingereza chake bila hata ya kujua kwamba ameziba. Msomaji wa Kasongo hana kiraka hicho. Yeye ndiye anayeweza kuonyesha mahali Kiswahili kinapojitegemea na mahali kinapoegemea mkongojo wa lugha nyingine.

2. Mpira ulio upande wako

Mfano ulio wazi kuliko yote ni usemi kwamba mpira sasa uko upande wako, au uko katika uwanja wako. Katika Kiswahili cha kisiasa na cha kiofisi usemi huu una maana kwamba zamu ya kutenda ni yako: sisi tumekwisha fanya sehemu yetu, jibu linangojwa kutoka kwako. Kwa Mwingereza au Mmarekani maana hiyo haina utata, kwa sababu msemo umetoka katika tenisi. Katika tenisi uwanja umegawanywa kwa wavu, kila mchezaji hubaki upande wake, na mpira ukiangukia kwako ni lazima uurudishe. Hakuna mwingine awezaye kuurudisha kwa niaba yako, na hakuna adui aliyeingia kwako pamoja nao. Mpira kuwa upande wako ni zamu, na zamu ni fursa.

Lakini neno mpira, likitajwa peke yake kwa Mswahili wa Kasongo, kama kwa Mswahili wa Tanga au wa Kisumu, halileti picha ya tenisi. Huleta picha ya mpira wa miguu. Na katika mpira wa miguu, mpira kuwa upande wako ni hatari. Maana yake ni kwamba umeshambuliwa, walinzi wako wanahangaika, na mlinda mlango wako anatoka jasho. Anayeambiwa kwamba mpira uko upande wake anaambiwa, kwa kanuni za mchezo anaoujua, kwamba anakaribia kufungwa.

Ichukuliwe kwamba ofisa wa mradi fulani, aliyesomea Kiswahili cha pwani, anahitimisha mkutano na wakulima wa Kabambare kwa kuwaambia kwamba mpira sasa uko upande wao. Yeye anakusudia kusema: mbegu zimeletwa, mafunzo yametolewa, kazi iliyobaki ni yenu. Wasikilizaji wana haki kamili ya kusikia jambo jingine: mmevamiwa, jilindeni. Hakuna aliyekosea sarufi. Hakuna neno lisiloeleweka. Kila mmoja amesikia Kiswahili safi, na bado wameagana bila ya kuelewana. Kosa la namna hii ni baya kuliko neno geni, kwa sababu neno geni humfanya msikilizaji aulize, lakini msemo unaodhaniwa kuwa umeeleweka hauulizwi.

Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Zamu ni yako, kazi kwako, neno linangojwa kwako, sisi tumekwisha, bado ninyi: kila moja katika semi hizi hufikisha maana kwa uwazi. Anayetumia msemo wa tenisi hakuutumia kwa sababu ya haja. Aliutumia kwa sababu aliufikiri kwanza kwa Kiingereza.

3. Uwanja ulio sawa, magoli yanayohama, na taulo

Si kila msemo uliotafsiriwa unaanguka. Ipo tofauti, nayo inafaa kupimwa mmoja mmoja.

Msemo wa kudai uwanja ulio sawa hutumika sana katika mijadala ya uchaguzi na ya biashara, ukimaanisha kwamba washindani wote wapewe masharti yaleyale. Picha yake ni ya uwanja ulioinama, ambamo timu moja hucheza ikiteremka na nyingine ikipanda. Hata hivyo, anayecheza katika viwanja vya kawaida vya mashambani anajua kwamba uwanja ulioinama si dhuluma. Ifikapo nusu ya mchezo timu hubadilishana magoli, na aliyepanda huteremka. Haki ya mpira wa miguu haikuwekwa juu ya usawa wa ardhi. Imewekwa juu ya kubadilishana pande. Hapa msemo unaweza kurekebishwa na kuwa mkali kuliko asili yake. Kasoro ya siasa nyingi si kwamba uwanja umeinama, bali ni kwamba nusu ya mchezo haifiki: wanaoteremka huteremka mpaka mwisho. Mwandishi wa Kiswahili angeweza kulisema hilo kwa lugha yake, lakini tafsiri imemzuia kuona kile anachokijua tangu utotoni.

Kwa upande mwingine, msemo wa kuhamisha magoli, yaani kubadili masharti baada ya kazi kuanza, umefika salama. Sababu ni kwamba Afrika magoli huhama kweli. Watoto wanaocheza uwanjani pasipo nguzo huweka mawe mawili au nguo mbili, na kila mmoja wao amewahi kumshuhudia kipa akilisogeza jiwe kwa mguu, kidogo kidogo, ili lango liwe jembamba. Mtoto wa Kasongo huielewa picha hiyo upesi kuliko mtoto wa Ulaya aliyezoea nguzo za chuma. Msemo umetafsiriwa, ila umekuta nyumba imekwisha jengwa.

Wa tatu ni msemo wa kurusha taulo, uliotoka katika ndondi. Magazeti huandika kwamba mgombea fulani amerusha taulo, yaani amekata tamaa na kujitoa. Lakini katika ndondi bondia hajirushii taulo. Taulo hurushwa na msaidizi wake aliye kando ya ulingo, naye hulirusha kwa huruma, mara nyingi bondia mwenyewe akiwa bado anataka kuendelea. Msemo huo ungekuwa na thamani kubwa kama ungetumiwa kwa maana yake: kueleza jinsi wazee wa chama wanavyomtoa mtu wao kabla ya aibu kuwa kubwa. Ukitumiwa kwa mtu anayejitoa mwenyewe, unapoteza kile kilichoufanya uwe picha na kubaki kelele tu. Kwa maana hiyo ya pili Kiswahili kina kunyosha mikono na kusalimu amri, na havihitaji msaada.

Wakongo hawahitaji kufundishwa ndondi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa katika raundi ya nane, na kelele za umati kwa Kilingala zilikuwa za kumtaka amwue mpinzani wake. Hakuna aliyedhani kwamba umati ule ulitaka maiti. Jambo hilo lakumbusha kwamba lugha ya michezo ina leseni yake: ndani ya uwanja neno kali hupoozwa na mchezo wenyewe. Hatari huanza neno lilelile linapotolewa nje ya uwanja, mahali ambapo hakuna kengele ya kumaliza raundi.

4. Misemo iliyozaliwa nyumbani

Misemo iliyozaliwa katika Kiswahili chenyewe huonyesha tabia nyingine kabisa. Mingi yake imejengwa juu ya vitenzi vilivyokuwapo kabla ya mpira, na kwa hiyo hubeba kumbukumbu ya kazi za zamani.

Kitenzi kuotea ni mfano bora. Asili yake ni uwindaji: kuotea ni kujificha na kuvizia, kumngoja mnyama mahali atakapopita. Kwa mwindaji hiyo ni sifa. Asiyejua kuotea hurudi nyumbani mikono mitupu. Mpira wa miguu ulipohitaji neno la kumtaja mshambuliaji anayemngojea mpira nyuma ya walinzi, kitenzi hicho kilikuwa tayari. Lakini uwanjani kuotea ni kosa, na bendera huinuliwa. Katika mazungumzo ya kila siku maana zote mbili hukutana. Anayesemwa kwamba ameotea cheo huonekana kwa wakati mmoja kuwa mwerevu na mkosefu, mtu aliyejipanga mahali pazuri kabla ya wakati wake. Hakuna tafsiri ya Kiingereza iwezayo kuleta utata huo wenye faida, kwa sababu Kiingereza kililitaja kosa hilo kwa mahali mchezaji aliposimama, ilhali Kiswahili kimelitaja kwa nia yake.

Kitenzi kufunga nacho ni kisa kirefu. Mswahili hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga mwizi gerezani, na mwezi wa Ramadhani hufunga. Kisha akaja kufunga goli. Kasongo ni miongoni mwa vituo vikuu vya Uislamu nchini Kongo, na yamkini hakuna mahali pafaapo zaidi kwa mzaha wa neno hili: tumefunga, alisema mtu, na mwenzake asijue kama ni saumu au ni ushindi. Hali ya kutendwa ina uchungu zaidi. Tumefungwa ni kauli ya walioshindwa na ya walioko gerezani, na mshabiki anayeitamka baada ya mchezo huwa amevikutanisha vyote viwili bila kukusudia.

Kutokana na kitenzi hicho limepatikana neno kujifunga, yaani kutia mpira katika lango lako mwenyewe. Hapa pana hadhari ya kimtindo. Kujifunga kuna maana ya kujiwekea ahadi, na kujifunga kibwebwe ni kujitia moyo kwa kazi ngumu. Kichwa cha habari kisemacho kwamba waziri amejifunga chaweza kumsifu au kumdhihaki. Mwandishi makini huujua utata huo na kuutumia au kuuepa. Asiyekuwa makini humwachia msomaji mzigo.

Danadana ni msemo wenye uzito kuliko yote katika fungu hili. Kupiga danadana ni kuuchezea mpira kwa mguu, goti, kichwa au kifua bila ya kuuacha uguse ardhi. Ni ufundi, na watazamaji hushangilia. Ila mpira wenyewe hauendi popote. Mwananchi anaposema kwamba amepigwa danadana, amejiweka mahali pa mpira. Anarushwa kutoka meza hadi meza, kila ofisa ana ustadi wake wa kumgusa na kumpeleka kwa mwingine, na mwisho wa siku yuko palepale. Zaidi ya hayo, hapewi hata nafasi ya kuanguka chini apumzike. Mtu wa Kasongo anayehitaji cheti, akiambiwa aende Kindu, makao makuu ya jimbo, na huko akaambiwa arudi Kasongo kwa sahihi nyingine, akazisafiri barabara zile kwa pikipiki, atauelewa msemo huu hata kama hajawahi kuusikia. Hii ndiyo sitiari inayofanya kazi ya kijamii: humpa mnyonge njia ya kulieleza jambo linalomtesa, na humvua ofisa heshima ya kazi ambayo kwa hakika haifanyiki.

Pamoja na hiyo kuna kutia mpira kwapani, yaani kugoma kuendelea na mchezo na kuondoka uwanjani. Picha hii yafanana na ya mtoto mwenye mpira wake pekee kijijini ambaye, akifungwa, huuchukua na kwenda zake nyumbani. Katika maongezi msemo huwafaa wote wanaozivunja shughuli za wengi kwa sababu wao ndio wenye mali. Na kuna neno suluhu, linalotumika kwa mchezo uliokwisha bila ya goli. Suluhu ni mapatano. Timu mbili zilizopambana dakika 90 bila ya kufungana huhesabiwa kuwa zimepatana, ilhali zikifungana sawa huwa zimetoka sare. Lugha imezifanyia tofauti aina mbili za usawa: ule wa waliojeruhiana kwa kiasi kimoja, na ule wa wasiojeruhiana.

Mwenendo wa maneno si wa upande mmoja. Uwanja nao umekopa. Nahodha ni wa chombo baharini kabla ya kuwa wa timu. Kikosi ni cha jeshi. Lango ni la boma. Mabishano ya Yanga, iliyoundwa 1935, na Simba, iliyoundwa 1936, huitwa mabishano ya watani wa jadi, na kwa jina hilo mila ya utani, ambayo huruhusu matusi bila ya uadui, imepewa kazi ya kuwatuliza mashabiki. Hata hivyo maneno haya hayakusafiri yote. Kasongo, mbali na bahari, nahodha si mtu wa kila siku. Na katika Kongo ya Wabelgiji kiongozi wa kundi la wafanyakazi aliitwa kapita. Huko mpira wa miguu ulikua pamoja na Kifaransa cha shule na misheni, na maneno yake mengi ya ufundi yametoka huko: ekipe, machi, arbitre. Kinyume chake, maneno refa na rafu ya Dar es Salaam yametoka Kiingereza. Wasemaji wawili wa lugha moja hukutana uwanjani na kugundua kwamba wameazima kwa majirani wawili tofauti.

Kutokana na hayo yaweza kutolewa kipimo. Msemo uliojengwa juu ya kitenzi cha Kiswahili, kama vile kuotea, kujifunga au kuhamisha magoli, huvuka mpaka kwa urahisi, kwa sababu hubeba picha yake ndani yake. Msemo uliojengwa juu ya nomino ya kukopwa huvuka kwa shida, kwa sababu picha imebaki katika lugha iliyokopesha. Mwamuzi anaeleweka Kasongo na Zanzibar pia, kwa kuwa kuamua kupo kotekote. Refa anahitaji kufasiriwa.

5. Bao na karata

Wanaodhani kwamba misemo ya michezo ni ugonjwa mpya ulioletwa na televisheni wasahau kwamba Kiswahili kimekuwa kikifikiri kwa michezo tangu zamani. Neno bao, ambalo leo hutajwa kila timu inapofunga, ni jina la mchezo wa kete unaochezwa juu ya ubao wenye safu nne za vishimo. Kumbwaga mpinzani kumetoka katika kuangushana chini. Anayefikia hatua yake ya mwisho hucheza karata yake ya mwisho, na mwenye siri ya ushindi ana turufu mkononi.

Karata zinafundisha jambo la manufaa kwa mjadala huu. Jina lenyewe, pamoja na turufu na majina ya aina nne za karata, yaani shupaza, kopa, uru na pau, yote yametoka Kireno. Hayakuwa ya kwetu. Lakini hakuna mzee wa baraza yeyote wa pwani anayeyaona leo kuwa ya kigeni, kwa sababu mchezo ulikuja pamoja na maneno. Watu waliketi, wakagawa, wakacheza, wakashindana, na ndipo wakaanza kusema kwamba fulani ana turufu. Mkopo ulilipwa kwa kucheza. Tofauti kati ya turufu na mpira wa tenisi si umri. Ni kwamba mmoja ulichezwa barazani na mwingine haukuchezwa na wengi.

6. Goli la mkono

Kuna msemo mmoja unaohitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee, kwa sababu unahusu ukweli na uwongo. Tarehe 22 Juni 1986, katika Kombe la Dunia lililochezwa Mexico, Diego Maradona aliifungia Argentina goli kwa mkono dhidi ya Uingereza, na mwamuzi akalikubali. Kiswahili kikapata mfano kamili wa ushindi usio halali unaoandikwa kuwa halali. Mwaka 2015, Tanzania ikielekea uchaguzi mkuu wa Oktoba, kauli ya jukwaani kwamba chama tawala kingeshinda hata kwa goli la mkono ilizua mjadala mkubwa.

Waliotetea kauli kama hiyo wanaweza kusema kwamba ni mzaha wa uwanjani tu. Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kusimama imara. George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha 1980 kuhusu sitiari, walionyesha kwamba sitiari za kila siku si mapambo. Huongoza namna watu wanavyofikiri na kutenda. Anayeuita uchaguzi mechi amekwisha kuwapanga wananchi mahali pa watazamaji. Katika mechi kura haipigwi. Mtazamaji hulipa kiingilio na kushangilia. Na anayelitaja goli la mkono kwa kicheko amekwisha kusema kwamba kosa si kuushika mpira, bali kuonekana. Msemo unaobeba hukumu ya namna hiyo haufai kuachwa upite kwa sababu tu umechekesha.

Upande wa pili wa jambo hili, Wakongo wana kisa chao, nacho kinahusu tarehe hiyohiyo ya Juni. Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Zaire ilikuwa ikicheza na Brazili katika Kombe la Dunia. Ilikuwa imekwisha fungwa 2-0 na Uskochi na 9-0 na Yugoslavia. Wabrazili walipopewa mkwaju wa adhabu, mlinzi Mwepu Ilunga alichomoka katika ukuta na kuupiga mpira mbali kabla haujachezwa. Watangazaji wa Ulaya walicheka na kusema kwamba Waafrika hawajui kanuni. Mwepu baadaye alieleza kwamba kanuni alizijua vizuri. Timu ile ilikuwa bingwa wa Afrika wa mwaka huohuo. Haikuwa ya watu wasiojua mpira. Ilikuwa ya watu waliokuwa chini ya hofu ya utawala wa Mobutu, na kitendo kile kilikuwa na maana ambayo mtazamaji wa mbali hakuwa na ufunguo wake.

Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja vyaeleza hatari mbili za lugha ya michezo. Katika kimoja, kosa limegeuzwa kuwa ujanja wa kusifiwa kwa sababu wengi wanauelewa msemo vizuri mno. Katika kingine, mtu mwenye akili timamu ameonekana mjinga kwa sababu waliomtazama hawakuelewa alichokuwa akikisema kwa mguu.

7. Kamusi na darasa

Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 2022, na Kiswahili, kilichokubaliwa mwaka mmoja kabla yake kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa, kimepewa kazi mpya ya kubeba hati, mikataba na matangazo hadi miji kama Kasongo. Kabla ya hapo redio ndizo zilizovuka mpaka. Sasa zinavuka nyaraka. Kutoelewana kwa msemo redioni huishia kwenye kicheko. Kutoelewana katika tangazo la ushuru au la ardhi kunaweza kumgharimu mtu shamba lake.

Kwa hiyo mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kamusi inapoingiza msemo wa michezo isitosheke kutoa maana yake ya mafumbo; itaje pia mchezo ulikotoka na kanuni inayoupa nguvu. Mtumiaji aliyeambiwa tu kwamba danadana ni kucheleweshwa amepewa ganda; aliyeambiwa kwamba ni kuurusha mpira usiguse chini wala usiende mbele amepewa kiini.

Pili, wahariri na wafasiri wa nyaraka za serikali wajiulize, kabla ya kuuacha msemo upite, kama kungekuwa na Kiswahili cha wazi mahali pake. Hotuba huweza kubeba pambo. Mkataba hauwezi.

Tatu, mwalimu wa Kiingereza katika shule za sekondari za Kongo ana kazi inayofanana na hiyo, ila kwa kinyume. Mwanafunzi wake hukutana na misemo ya kriketi na ya besiboli: mtu aliyeshangazwa sana husemwa kwamba amepigwa kwa sita, kwa sababu katika kriketi mpira uliovuka mpaka bila ya kugusa ardhi huleta mikimbio sita; na makadirio ya haraka huitwa na Wamarekani kwa jina la uwanja wa besiboli. Kuikariri misemo hiyo bila ya michezo yake ni kazi bure. Afadhali mwalimu aanze na danadana na kuotea, awaonyeshe wanafunzi jinsi lugha yao inavyofanya jambo hilohilo, kisha awaeleze kwamba Mwingereza naye ana viwanja vyake. Hapo mwanafunzi hatabeba orodha ya mafumbo. Atabeba njia ya kuyafumbua.

8. Hitimisho

Misemo ya michezo si uchafu katika Kiswahili, wala si uthibitisho wa uhai wake kwa kila hali. Ni amana. Msemo una thamani pale ambapo msemaji na msikilizaji wamewahi kusimama kando ya uwanja mmoja, au angalau pale ambapo lugha yenyewe imewajengea uwanja huo kwa vitenzi vyake. Maniema si ugenini kwa mpira: klabu ya AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika katika msimu wa 2024/25, na hakuna mtoto wa Kasongo asiyejua maana ya kufungwa. Asichokijua ni tenisi ya Waingereza iliyovikwa kanzu ya Kiswahili. Hilo si upungufu wake. Ni deni la wale wanaomwandikia, na ni wao wanaopaswa kulilipa, kwa kusema waziwazi kwamba sasa ni zamu yake, pale wanapokusudia kusema hivyo.